Swali Nililokataa Kufuta

Ijumaa. Upepo wa Kitengela umeleta vumbi mpaka kwa kibodi za hii saiba, na mimi niko na wivu. Wacha niseme mapema, nisijifanye.

Naserian amepewa kazi ya kuongoza mabaraza ya chanjo ya ng'ombe. Tulikuwa vibarua wawili tu kwa mradi. Leo kila mmoja alisimama kuongea na wazee huko nje ya Kajiado, madam wetu, bosi wa mradi, akisikiliza kutoka nyuma. Yule angesikizwa na wazee ndiye angeajiriwa.

Na vile nilijitayarisha jamani! Wiki mbili mbele ya kioo, mabega nyuma, sauti juu, hotuba yote kichwani. Naserian alikuwa anatafuna karanga tu ofisini. Ilinikera mpaka nikaacha kumsalimia vizuri.

Nilianza kwa nguvu. Nikamtazama mzee wa mbele machoni: "Mzee, wewe uko na ng'ombe ngapi?"

Mzee aligeuza uso. Wengine wakaanza kuongea yao kwa Kimaasai. Kwetu Ukambani hilo ni swali kama lingine, lakini sasa najua Mmaasai hahesabiwi ng'ombe wake mbele ya watu, ni kama kuwaitia mkosi. Nikasahau hata siku ya chanjo niliyotaka kupendekeza.

Kisha Naserian, bila karatasi. Aliinamia kila mzee aguswe kichwa, salamu yao ya heshima, akauliza habari za watoto, za malisho, za mvua. Chanjo aliitaja mwisho kabisa. Wazee wakacheka naye, wakachagua siku wenyewe.

Nilimpigia makofi huku roho inachomeka.

Lakini kinachoniuma ni kingine. Juzi nilimsomea hotuba yangu, nikitaka tu aogope. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Iko sawa, Mwende, lakini hilo swali la ng'ombe litoe. Wazee hawatalipenda."

Nikajiambia, huyu ameona namshinda, anataka kunipoteza. Sikulitoa. Hata nililihamisha, nikaliweka la kwanza.

Haki, ni mimi nilijimaliza.

Tukirudi kwa gari la mradi, Naserian alifungua karanga zake, akanyoosha mkono anigawie. Nikamwambia nimeshiba. Sikuwa nimekula tangu asubuhi.

Jumatatu akininyooshea tena, nitaweza kupokea?