Waya wa Simu Mikononi mwa Shangazi

Kwako Bi Kazija wa Rasbura, unayewajibu watu gazetini bila kumwonea mtu haya, shikamoo. Mimi ni Yahya bin Maftaha, kijana wa Kilwa Kivinje, nakuandikia kwa sababu nimefika mahali nikisogea mbele naumia na nikirudi nyuma naumia, nakuomba unishike mkono.

Mwaka huu nimehitimu shule ya serikali, na katika wote tuliohitimu nikachaguliwa mimi kujifunza kazi ya simu pale posta, nikafundishwa kupiga na kusikiliza, kupanda nguzo, kuunga waya uliokatika, na nikwambie kweli Bi Kazija, sijapata kupenda kitu kama kazi hii, maana siku ya kwanza nilipoachwa peke yangu mezani mtu aliyeko Dar es Salaam aliniuliza kama huku kwetu mvua imeanza, nikamjibu bado, akaniambia kwao inamwagika, nikatoka nje nikatazama mbingu kavu nikacheka mwenyewe kama mwehu.

Sasa bwana wa simu, yule Mdachi, ameniita akaniambia kazi ipo, kazi yangu ya kwanza, niwe fundi na mwangalizi wa waya kutoka Kivinje hadi mto Matandu na mbele kidogo, nikae Miteja katika nyumba itakayojengwa na serikali, nipate mshahara wa kila mwezi, na nguo za kaki na koleo la kukatia waya amekwisha kunipa hata kabla sijajibu, nikaenda navyo nyumbani, baba yangu alipoziona zile kaki akatoka nazo mpaka soko la samaki akawaonyesha watu, na tangu siku hiyo kila anikutaye ananiita Bwana Simu.

Lakini kazi ina mkia. Bwana aliniambia kuwa wakati wa vita vya maji waya mwingi sana ulikatwa na watu wa bara, na mpaka leo anajua uko mikononi na miguuni mwa wanawake wao, na mimi nimefundishwa kuutambua, si kama ule wa madukani kwa Wahindi, ni mnene zaidi na wekundu wake ni mwingine, nikiuona naujua. Akasema, "Waya wa Kaisari ni wa Kaisari, ukiwa juu ya nguzo au mkononi mwa mtu." Kila nitakayemkuta nao nimfikishe bomani, na huko nani asiyejua kinachomngoja, hamsa ishirini za kiboko kisha mnyororo, mwanamume au mwanamke. Nikaitikia ndiyo bwana, kwa sababu wakati ule niliwaza nguzo tu.

Nikaenda Miteja kumpa habari shangazi yangu, Bi Sada, dada wa baba, ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki, nilikula kwake nikalala kwake mpaka nilipoletwa mjini kusoma. Alifurahi mno, akaniambia nipige magoti anipe radhi, akaniwekea mikono miwili kichwani na kuniombea, na zile bangili zake za waya wa kuzungushwa, tunaziita madodi, zikanigusa kwenye paji la uso. Bi Kazija, nimeziona bangili hizo miaka yote baada ya vita, nimezisikia zikilia akitwanga, nami sikuwahi kuziangalia. Siku ile nikaziangalia. Ni waya wa simu, kutoka kifundo cha mkono mpaka karibu na kiwiko, huku na huku.

Nikamwuliza umezipata wapi, akanijibu bila kuficha kuwa alipewa na Likwata, mwanawe wa pekee, binamu yangu ambaye tulikuwa tukitaniana mpaka tunashikana mieleka. Likwata alikuwa miongoni mwa waliokata waya. Kabla hawajapanda milimani alimletea mama yake fungu, fundi wa palepale kijijini akamzungushia mikononi, na Likwata akamwambia, "Vaa hizi, mama. Nikirudi nitakuongezea za miguuni." Hakurudi. Alipoanguka hapajulikani, mwili haukuonekana, na matanga hayakuwekwa, maana siku zile aliyemlilia mtu wa maji alihesabiwa naye ni mtu wa maji. Shangazi akanionyesha mikono yake akasema, "Huyu ndiye Likwata niliyebaki naye." Kisha akaniuliza kama nimeshiba.

Sikumwambia neno juu ya ile amri ya bwana. Nilikula nikaaga.

Sasa nimewaza njia tatu. Ya kwanza ni kuipokea kazi na kufumba macho nikifika kwa shangazi. Ya pili ni kununua waya wa dukani na kumshawishi abadilishe, nimwambie huu mpya ni mzuri zaidi, asijue sababu. Ya tatu ni kuikataa kazi kabisa, lakini nikiikataa nitamwambia nini baba, ambaye kila asubuhi ananiambia kuwa mtaka cha mvunguni huinama na mimi changu kiko mezani bado nasinzia, na nitamwambia nini bwana asiniulize kwa nini, na moyo wangu nitauambia nini, maana kazi hii naitaka, naitaka kweli, nimeazimia kuwa fundi wa simu na sioni kazi nyingine duniani. Mwezi ukiandama bwana anataka jibu. Niambie niipokee au niikatae, nami nitafanya utakalosema.

Ni mimi mwanao,
Yahya bin Maftaha, Kilwa Kivinje

*

Marahaba, Yahya.

Barua yako sikuitia gazetini, na jibu hili halitapigwa chapa. Analileta Ahmadi, muuza chumvi, mtu wangu wa kuaminika, na nimemwambia akukabidhi wewe mwenyewe. Ukifungua gazeti la mwezi huu utanikuta namjibu mtu aliyegombana na jirani yake kwa ajili ya mbuzi. Usidhani nimekupuuza.

Kwanza nikugombeze, maana nisipokugombeza sitaweza kuendelea. Akili zako umeziacha shuleni? Umetaja jina la shangazi yako, kijiji chake, mikono yake mpaka viwiko, na jina la marehemu juu yake, ukatia kwenye bahasha, ukaipeleka posta. Posta ileile! Chini ya pua ya bwana yuleyule! Mungu amekusitiri safari hii, usimjaribu tena. Mtu anayetaka kazi ya kupokea maneno ya watu ajifunze kwanza kuyafunga ya kwao.

Haya. Sasa kaa kitako.

Waswahili husema njia mbili zilimshinda fisi, nawe umeshika tatu. Ile ya kufumba macho ndiyo mbaya kuliko zote, na nakuona ndiyo unayoipenda. Umehesabu mikono ya shangazi yako tu. Miteja ina akina mama wangapi ambao wana wao walikwenda wasirudi? Unadhani Likwata alikuwa peke yake na ule waya, au wenzake hawakuwa na mama? Utakapomkamata wa kwanza ukamfikisha bomani, kijiji kizima kitaitazama mikono ya Bi Sada, halafu kitakutazama wewe. Utakuwa mtu anayepeleka mama za wenzake kwenye kiboko na kumwacha wake jikoni. Na yeye mwenyewe, kwa jinsi ulivyomweleza, hatakubali kubaki nyuma. Atajipeleka bomani kwa miguu yake.

Ya pili, ya kumbadilishia, sitaki hata kuisikia. Unataka kumwibia mama mzee mwanawe na kumpa wa dukani.

Ya tatu ina heshima yake, lakini haimwokoi mtu. Ukiikataa atapelekwa mwingine, naye amefundishwa kuutambua waya kama wewe, na huyo hakulelewa na Bi Sada. Kwa hiyo ukiniuliza niipokee au niikatae, nakujibu kuwa unaanza mwisho. Jambo lako la kwanza si kazi. Ni yale madodi, na mwenye madodi hujamwuliza.

Hapa ndipo uliponiudhi hasa. Alikuwekea mikono kichwani akakupa radhi. Radhi ya nini? Yeye ameridhia kijana wake apande nguzo na kuunga waya. Hakuridhia akague mikono ya wanawake. Ukala chakula chake ukaaga, na amri ya bwana umeifunga moyoni. Radhi uliyoipata kwa kuficha, mwanangu, haijakufikia. Ingali kwake, inakungoja.

Usidhani nasema nikiwa mbali na moto. Vita vile vilinichukulia ndugu yangu huku bara ya Lindi, nami nilikuwa mjini, askari wakipita mlangoni asubuhi na jioni. Habari iliponifikia nilikwenda uani nikashika mchi, nikatwanga. Kinu kilikuwa kitupu. Nilitwanga ili majirani wasikie kinu wasinisikie mimi. Mpaka leo nikiona mtu ameweka matanga ya wazi, watu wamekaa kwenye mikeka, wanakunywa kahawa na kumtaja marehemu kwa jina lake, namwonea wivu. Naona haya kusema hivyo, lakini ndivyo. Basi namjua shangazi yako ingawa sijawahi kumwona. Hajavaa pambo yule. Amevaa msiba ambao hakuruhusiwa kuulilia, na amekuwa akitwanga nao miaka yote hiyo.

Sasa sikiliza ninalokuagiza.

Rudi Miteja. Mweleze yote, neno la bwana kama alivyolisema, kiboko na mnyororo, usimpunguzie hata kidogo. Mwanamke aliyeishi kwa kuchimba mizizi ya ming'oko porini wakati wa njaa ya baada ya vita hahitaji kufunikwa macho na mtoto wa juzi. Kisha mwambie maneno haya, mwambie yametoka kwangu akitaka kukasirika anikasirikie mimi: mtu asiye na kaburi anaweza kuwekewa matanga. Siku zile haikuwezekana, sasa inawezekana. Awaite wenzake wenye waya kama wake, wapike, wakae, wawataje watoto wao mmoja mmoja. Kisha kila mmoja atakayependa avue alichonacho, kifukiwe ardhini pamoja na vya wenzake, mahali watakapopachagua wao, wapajue, wapafagie, waende wakitaka kulia. Mwalimu wa chuo akisema kaburi bila maiti si kaburi, msibishane naye. Mwombeni dua, dua husomwa popote.

Hapo bwana wako akija na darubini hataona kitu mikononi mwa mtu. Nawe utasimama Miteja kama fundi wa waya ulio juu ya nguzo, na hiyo ni kazi halali, ipokee kwa mikono miwili. Sikuambii uichukie. Nilisoma habari ya yule mtu wa Dar es Salaam na mvua yake nikacheka peke yangu. Kijana anayependa kazi kiasi hicho asipoifanya atazeeka vibaya. Lakini usiipokee kabla ya matanga. Kabla.

Na akikataa? Ana haki ya kukataa. Akisema atakufa nayo, basi, usimshurutishe, usimlilie, usimtume baba yako. Rudi mjini, mrudishie bwana kaki zake, mwambie shangazi yako ni mzee na huwezi kufanya kazi ya kutembea. Si uongo. Kisha hamia kwake, umjengee jiko la ndani asitwange tena njiani, na siku atakapopelekwa mwangalizi mwingine wewe ndiye utakayeketi kibarazani kumpokea, asipate njia ya kuingia ndani. Baba yako atanuna. Ataacha. Waliomwona na zile kaki sokoni watacheka, nao wataacha. Kazi huja nyingine hata kama leo huioni, na umri wako bado mbichi.

Ila sidhani kama atakataa. Mtu aliyekuambia, "Huyu ndiye Likwata niliyebaki naye," kisha akakuuliza kama umeshiba, anajua kuwa amebaki na wawili.

Nenda kesho, usingoje mwezi uandame. Nguo za kaki uziache kwa baba yako. Koleo lichukue, maana madodi yaliyokaa mwilini miaka hiyo hayatavuka mkono yenyewe, na sitaki mtu mwingine amkatie. Lakini lifunge kiunoni, chini ya shati, na lisitoke hapo mpaka atakapokunyooshea mikono mwenyewe.

Kazija binti Abdurahmani
Rasbura, Lindi