Kisanduku au Amplifaya ya Zamani

Jumanne, 3 Septemba 2024

Kisanduku kimefika! Binamu yangu Syafiq, anayepiga gitaa hotelini Semarang, amekituma kwa basi kikiwa kimeviringishwa ndani ya taulo. Ameniazima mpaka Maulidi yapite. Ukubwa wa sinia dogo. Vitufe vitatu vya kukanyagia, kioo kama cha simu. Eti ni cha kuunganisha gitaa, na ndani kuna sauti za amplifaya mia moja na ishirini. Wapi? Nimekipindua, nimekitikisa. Hakuna kinachocheza.

Yote haya yanatokana na Hajjah Musyarofah, mwenye kundi letu la kasida. Jumapili ya tarehe 15, uwanjani Demak, tutarushwa moja kwa moja mtandaoni. Wanawake kumi na mmoja, magauni ya kijani, jukwaa safi. Hataki masanduku meusi nyuma yetu. Akanigeukia mimi: gitaa liingie moja kwa moja kwenye mikseri ya sauti, au niwe na sababu nzuri. Anataka jibu Ijumaa ya wiki ijayo.

Sababu nzuri sina. Nina amplifaya ya miaka kumi na tisa na pedali mbili — moja ya kukwaruza sauti, moja ya mwangwi. Nikikanyaga inalia, nikiachia inanyamaza. Uzito wake kama gunia la mchele. Naipenda, lakini kupenda si sababu.

Na mimi nikiona kitufe nisichokijua, roho haitulii.

Alhamisi, 5 Septemba

Cherehani haijaguswa tangu asubuhi. Bibi harusi wa watu ananisubiri, Mungu anisamehe.

Nimemkalisha mume wangu Mukhlas akiangalia ukuta. Nimepiga wimbo uleule mara sita, mara tatu kwa amplifaya, mara tatu kwa kisanduku. Aseme kipi ni kipi. Amekosea nne! Kisha akauliza kipi chepesi, maana anayebeba kwenye pikipiki ni yeye. Nikamwonyesha. Akasema hicho ndicho kitamu.

Mimi mwenyewe nasikia tofauti? Nikifumba macho, kidogo. Amplifaya inanijibu kwenye tumbo. Kisanduku kinanijibu masikioni tu. Lakini kina sauti ya kengele chini ya maji ambayo sijawahi kuiota — nimeichezea saa nzima, chai ikapoa.

Jumamosi, 7 Septemba

Mazoezi ukumbini kwa Hajjah, na kisanduku. Balaa.

Ubeti wa kwanza mtamu kabisa. Waimbaji wananitazama, wanatabasamu. Gitaa likapokea, likamaliza, ngoma irudi — haikurudi. Ikaja imechelewa, kama mtu aliyepitwa na basi. Tukarudia. Vilevile. Mara ya nne Hajjah akagonga meza kwa pete yake.

Mpiga ngoma wetu ni Mama Ngatini. Yeye ndiye aliyenipokea kwenye kundi hili nikiwa na miaka kumi na sita, vidole vinatoka malengelenge. Miaka ishirini na mbili sijamwona akipotea. Leo alikuwa anafuta jasho tu.

Jumadi, fundi wetu wa mitambo, akatoa hukumu: vyombo vya kidijitali vinachelewesha sauti, kila mtu anajua. Wote wakanigeukia. Nikaona haya, kana kwamba nimeleta mgeni aliyevunja sahani.

Jumapili, 8 Septemba

Kila mtu anajua! Mimi sijui mpaka nione.

Nimeegesha simu, nikarekodi kidole kikigusa uzi, sauti ikitoka kwenye kisanduku. Nikaitazama polepole, kipande kwa kipande. Kuchelewa kupo, lakini ni kudogo mno, hata kope haijafunga. Nikifanya hivyohivyo kwa amplifaya nikisimama hatua sita mbali, inachelewa zaidi!

Kwa hiyo si kisanduku. Kulikoni basi?

Jumatano, 11 Septemba

Laiti nisingetaka kujua.

Leo mazoezini nilibeba vyote viwili. Nikaanza na amplifaya mahali pake pa siku zote, imeegemea kile kijukwaa cha mbao anachokalia Mama Ngatini. Ngoma safi, kama zamani. Sawa. Nikaisogeza upande wa pili wa ukumbi, sauti nikaiongeza. Ngoma ikapotea. Nikairudisha kwenye mbao, sauti nikaipunguza mpaka waimbaji wakalalamika hawanisikii. Ngoma ikarudi, haikukosea hata mara moja!

Nilifurahi, mjinga mimi. Nimelipata! Nikasimama nyuma yake nikamwita nimwambie. Mama. Mama Ngatini. Nikapaza sauti.

Alikuwa anafunga kamba ya ngoma yake. Akaendelea kufunga.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimemkuta Mama Ngatini jikoni kwake anakaanga tempe, vile vipande vya soya. Nimekaa mbele yake, uso kwa uso, nikauliza tangu lini.

Hakukana. Akapunguza moto. Sikio la kulia lilianza mwaka juzi baada ya homa, la kushoto likafuata. Waimbaji anawasoma midomo. Ngoma yake anaijua kwa viganja. Ila gitaa ndilo linalomwambia ubeti umekwisha, na gitaa humwingia kwa chini, kwenye mbao, likapanda mgongoni.

Hajjah ana mpwa wake kule Kudus, binti mwenye viganja vyepesi, anasubiri nafasi tu.

"Hajjah akijua, Jumatatu mpwa wake yuko kwenye mto wangu wa kukalia," alisema. "Simlaumu, kundi ni lake. Lakini mimi nikitoka pale, Zum, nakwenda wapi? Nyumbani kimya, na masikioni kimya."

Nikamwambia nitakataa kisanduku, nitasema kimenishinda. Akatikisa kichwa. Nikionekana mbishi nitatolewa mimi, halafu yeye atapiga na nani?

"Chagua kinacholia vizuri, mwanangu. Usinipigie gitaa la huruma."

Akaniapisha nisimwambie mtu. Akanifungia tempe kwenye jani. Nimelia njia nzima, kioo cha helmeti kikaingia ukungu nikakaribia kumgonga mbuzi.

Jioni. Nimekaa na kisanduku mapajani, nakizungusha tu. Na hapo nikaona — kina matundu mawili ya kutolea sauti! Moja liende kwenye mikseri. La pili liende kwenye amplifaya, na amplifaya ilazwe chini ya kijukwaa cha ngoma, kitambaa kiifunike. Hakuna atakayeiona. Hakuna atakayeisikia, isipokuwa mgongo mmoja.

Nimemwandikia Hajjah: kisanduku. Amenijibu kwa maua matatu.

Jumamosi, 14 Septemba

Jukwaa limesimama uwanjani, na kijukwaa cha ngoma kimeletwa juu yake. Nimeingia na amplifaya imefunikwa kwa shuka, nimelowa jasho.

Jumadi akauliza amplifaya isiyosikika ni ya kazi gani. Nikasema ni akiba, kisanduku kisije kikazima. Akauliza tangu lini akiba ikawekwa uvunguni mwa ngoma.  Alinitazama, akatazama kile kijukwaa, akatazama mto wa Mama Ngatini. Kisha akachukua kipande cha ubao, akakichomeka ili amplifaya ibane vizuri dhidi ya mbao. Hakuuliza tena. Huyu niliyemchukia wiki nzima!

Mama Ngatini akakaa. Nikagusa uzi mmoja, mzito. Akafumba macho, akaitikia kwa kichwa. Tukapiga wimbo mzima. Nilikuwa na furaha tele.

Jumapili, 15 Septemba

Saa tisa na robo. Wamekwenda kuswali Alasiri. Mimi niko kwenye siku zangu, nimebaki na vyombo. Naandika haraka.

Hajjah amehamisha ngoma.

Kwa wema! Amesema mpiga kamera ameomba, na kwa kuwa gitaa sasa halichukui nafasi, mama yetu mkongwe akae mbele kabisa, katikati, dunia imwone. Wakambebea mto na ngoma yake hadi kwenye ile sehemu ya mbele, ya chuma na zulia. Hatua kumi na mbili kutoka kwenye amplifaya, nimezihesabu. Wenzetu wakampigia makofi. Mama Ngatini akatabasamu, akashukuru, akanitafuta kwa macho. Sijawahi kumwona mtu mzima ameogopa vile.

Walipoondoka nimeivuta amplifaya kutoka uvunguni. Peke yangu. Shuka imebaki nyuma. Nimeiweka mbele, wazi, imegusana na ngoma, nyeusi na kubwa katikati ya mazulia ya kijani.

Hajjah amerudi wa kwanza.

"Zumrotun, hicho nini?"

"Amplifaya, Hajjah."

"Tulikubaliana."

"Ndiyo, tulikubaliana."

"Basi nipe sababu."

Sababu ninayo, nzuri kuliko zote, na si yangu. Nikainama nikakaza waya wa amplifaya. Hajjah akasema anakwenda kupokea wageni wa kamati. Akirudi asiikute hapa, na ikiwa nimeipenda kiasi hicho, niondoke nayo.

Nimeikalia. Atakayeitoa anitoe na mimi.

Viti vinajaa. Mpiga kamera ananiuliza nitaandika mpaka lini. Hajjah yuko pale chini ya ngazi, amemaliza kusalimiana, anapanga ushungi wake, sasa hivi atapanda.

Mama Ngatini karudi. Kumbe alirudi mara tu baada ya Hajjah, akasimama nyuma ya pazia, ametuona tukisemezana, kila neno amelisoma. Ameipita ngoma yake. Anashuka ngazi, anamwendea Hajjah, ameshaanza kunyoosha kidole kwenye sikio lake.

Namwita arudi. Nimemwita mara tatu, kwa sauti yangu yote, mpaka watu wa mbele wamegeuka. Yeye hajageuka.