Shina Pori, Tawi Jema

Jumapili, 11 Juni 2023

Sijamwambia mtu. Wala sitamwambia. Naandika hapa kwa sababu daftari halina mdomo.

Leo nimedanganya madhabahuni. Kwa kipaza sauti. Watu mia mbili wakasema amina.

Mkalimani wetu ni Sixbert, lakini Sixbert ana mafua, koo limekauka, anatoa sauti ya chura. Mchungaji Anton akanyoosha kidole: Bertila wa Mzee Gerson amesoma kwa masista, Kiingereza anakinywa kama uji, aje mbele. Mimi! Mimi ninayeagiza chumvi dukani kwa kuionyesha kwa kidole! Nikaenda. Ajabu ni kwamba nikisema maneno ya mtu mwingine sitetemeki. Yangu ndiyo yananikaba.

Mgeni ni Mmarekani, anapita kwenda Kigoma. Mrefu, soksi nyeupe, anatabasamu hata akimeza mate. Kahubiri habari za Israeli. Mchungaji wetu raha mustarehe, maana yeye ana bendera ya Israeli kwenye mimbari, na pembe la ng'ombe kalitoa mnadani Ziba, analiita shofa, tarumbeta la Wayahudi. Likipulizwa, mbuzi wa jirani wanaitikia. Ndiyo Yerusalemu yetu hiyo.

Mgeni akafika pale Paulo anapoandika habari za mzeituni. Akasema Israeli ndiyo mti mwema, Mungu kaulima tangu Ibrahimu. Matawi mengine yakakatwa. Na ninyi mataifa, msio Wayahudi, ni tawi la porini, mmechukuliwa huko mkapachikwa kwenye shina jema.

Nikamtazama Mgeni. Tawi la pori juu ya shina jema? Nani anafanya hivyo?

Baba anabebesha miche ya maembe tangu sijazaliwa. Itetemia nzima inajua kazi yenyewe. Unaotesha kokwa la embe la kienyeji, lile lenye nyuzi, gumu, halijali kiangazi. Likifika unene wa penseli unalikata kichwa. Unachomeka kikonyo cha bolibo, embe tamu lisilo na nyuzi, unafunga nailoni. Pori chini, jema juu. Mtoto wa darasa la pili anakwambia. Nusu ya kanisa wamenunua miche kwetu! Na Baba mwenyewe yuko mstari wa mbele, mzee wa kanisa, suti yake ya kahawia. Wangecheka. Wangemcheka Mgeni, na mimi pembeni yake nimevaa maneno yake kama nguo ya kuazima.

Nikamdharau. Mtu mzima, kapanda ndege tatu, hajui hata mche.

Nikamsahihisha. Nikasema: shina lilikuwa pori, likakatwa kichwa, juu yake likapachikwa tawi jema. Na tawi jema ni ninyi!

Kanisa likalipuka. Vigelegele. Pembe la Ziba. Mbuzi. Mgeni akadhani wanamshangilia yeye, akatabasamu zaidi.

Baba peke yake hakupiga makofi. Alikuwa anafunua Biblia yake, kidole ulimini.


Jumatatu, 12 Juni

Mgeni kapanda treni ya Kigoma. Kanishika mkono stesheni, kasema nina kipaji. Nikaviambia asante viatu vyake.


Jumatano, 14 Juni

Ibada ya katikati ya juma. Bendera ya Israeli imeshuka mimbarini. Imefunika kinanda kisiingie vumbi! Miezi miwili iliyopita Mchungaji alilia machozi akiiombea hiyo hiyo bendera, akatukataza hata kuiegemea.

Leo anasema amefunguliwa macho. Israeli ya zamani ni shina pori, kichwa kimekatwa, Mungu kamalizana nao. Ahadi zote ziko kwetu. Sisi ndio mti!

Sisi. Nikageuka kututazama. Mama Apolinaria anasinzia. Vijana wa nyuma wanacheza simu. Mwenye pembe anajikuna sikio kwa ncha ya shofa. Ndio warithi wa Ibrahimu hao.

Kwaya ya Sayuni sasa inaitwa Kwaya ya Tawi Jema. Minza, anayeimbisha, akamuuliza mwalimu: na ule wimbo wetu wa Yerusalemu tuutupe? Mwalimu akasema msiutupe, wekeni Tabora mahali pake. Wakajaribu. Silabi hazitoshi. Wanaivuta Ta-bo-ra-a-a kama ndama kakanyagwa mguu. Minza akanikonyeza: "Shoga, mahubiri yako yatatuua."

Yangu! Nilidhani kajua. Kumbe utani tu. Anasema yangu kwa sababu sauti ilikuwa yangu.

Wajinga wote. Mimi peke yangu ninajua ni wajinga kiasi gani, na siwezi hata kucheka na mtu.


Ijumaa, 16 Juni

Kitaluni na Baba. Mimi najaza udongo kwenye viriba, yeye anafunga nailoni. Akaja Mzee Mfaume, fundi cherehani, jirani yetu, anataka miche miwili ya limau. Yeye hutoka msikitini Ijumaa anapitia kwetu kumchokoza Baba. Desturi.

"Shikamoo, Mzee Mfaume." Niliuambia udongo. Marahaba ikarudi hata hivyo.

"Gerson, nasikia mmewafukuza Wayahudi. Kwani hapa Itetemia walipanga nyumba ya nani?"

Baba hakucheka sana. Akasema jambo hilo linamnyima chakula. Mgeni kasema shina ni pori na sisi ni tawi jema. Mfaume akasema si ndivyo miche ilivyo? Ndivyo miche yangu ilivyo, Baba akamjibu, lakini Paulo kaandika kinyume. Shina jema ni wao, pori ni sisi. Tena si kwamba Paulo hakujua kazi. Kaandika mwenyewe, waziwazi, kwamba ni kinyume cha asili.

"Sasa wewe fikiri, Mfaume. Nani atachukua tawi la embe la nyuzi akaliweka juu ya bolibo? Mwenye wazimu. Au mtu anayelipenda hilo tawi."

Mfaume akakuna ndevu.

Baba akaendelea, kisu kinafanya kazi. Waliokatwa, Mungu anaweza kuwarudisha, tena kwenye mti wao wenyewe — itamshinda nini? Na tawi halilibebi shina. Haya, tukubali ya Mgeni, waite Wayahudi shina pori. Mbona hata mche huu hapa, likifa hilo pori, bolibo atanyonya wapi? Kwa jirani?

"Mweleze Mgeni wako basi, mimi nimefuata limau."

"Nitawaeleza wazee."

Nilijaza kiriba kimoja mpaka kikapasuka.

Kwa hiyo lile neno la Mgeni nililolikata ndilo lilikuwa lenyewe. Mgeni alijua. Paulo alijua. Nilidhani nasahihisha ujinga, kumbe nilikuwa nasahihisha neema. Mimi! Mwenye kidato cha nne na alama A ya Kiingereza!


Jumapili, 18 Juni

Baba kawaeleza.

Kikao cha wazee baada ya ibada. Mimi nje dirishani naosha vikombe vya chai, polepole, kimoja mara tano. Baba kasema kwa upole: mgeni wetu tunamheshimu, lakini hapa alikosea. Akasoma. Akaeleza mche.

Mchungaji, sauti ile ya asali: "Mzee Gerson, mtumishi ana digrii tatu za mambo haya. Wewe una kisu na nailoni."

Wakacheka! Wenye suti zao! Hata yule ambaye Baba alimpa miche ya uani bure.

Mwingine akasema huo ni uasi. Mwingine akasema Gerson ana wivu kwa kuwa mfano wa kazi yake umetolewa na mtu mwingine. Baba akangoja waishe. Kisha: aulizwe mwenyewe. Kama alisema hivyo, atuonyeshe alikosoma. Kama hakusema, nimemsingizia, nitaomba radhi.

Wakakubali. Mchungaji akaita dirishani: "Bertila! Mwanangu, utamwandikia Mgeni kwa wasapu, na jibu utatusomea."

Kikombe hakikuvunjika. Laiti kingevunjika, ningepata la kusema.


Jumanne, 20 Juni

Nimeandika ujumbe mara kumi na moja. Wa kwanza ulikuwa na ukweli wote. Niliufuta.

Niliotuma unasema hivi kwa Kiingereza changu kizuri cha masista: kanisa linakushukuru, linauliza kama yale uliyofundisha juu ya mzeituni na matawi bado unayasimamia yote.

Hakuna neno la uongo humo. Hilo ndilo linaloniuma.


Jumatano, 21 Juni

Kajibu. Kwa furaha! Ndiyo, kila neno, na mpeni salamu yule binti aliyenifasiria vizuri.

Nikasimama mbele ya wazee nikasoma: ndiyo, kila neno. Salamu nikaziacha.

Baba akavua miwani. Akaifuta kwa tai, akaivaa, akaivua tena. Akasema, "Haya." Basi.

Uamuzi: Jumapili asimame mbele ya kanisa zima, akiri kwamba alimpinga mtumishi kwa kiburi. Asipokiri anavuliwa uzee wa kanisa siku hiyo hiyo, mbele ya watu, miaka kumi na tisa ya kufungua mlango wa lile kanisa alfajiri na kufagia mavi ya popo.

Chakula cha jioni. Mama: "Baba Bertila, kiri yaishe. Maneno mawili tu. Wayahudi wenyewe hawana habari na wewe."

Baba: "Si Wayahudi, mama. Ni Mungu. Aliwaapia wale. Kama anaweza kuwaapia halafu akamalizana nao, sisi katushika kwa kamba gani? Niombe radhi kwa kusema Mungu hasahau kiapo?"

Mama akamwambia hicho kiburi ndicho wanachokisema. Baba akasukuma sahani. Akaniangalia. "Mayu," akasema — ndivyo alivyokuwa akimwita mama yake, na mimi nikiwa naumwa — "wewe mbona huli?"

Nilisema tumbo.

Nawadharau wazee. Namdharau Anton na kinanda chake kilichovaa bendera. Lakini wao walidanganywa. Mimi sikudanganywa na mtu. Mwenye kujua na akanyamaza, huyo tumwite nani? Kiswahili kina neno. Kiingereza pia. Yote mawili nayajua, ndiyo faida ya shule.


Jumamosi, 24 Juni. Asubuhi

Baba ametengeneza miche miwili ya kwenda nayo kesho. Mmoja wa kawaida. Mwingine — nilimwona, sikuamini — amechukua mche wake bora wa bolibo, ule wa kuchukulia vikonyo, akaukata kichwa. Juu yake amechomeka kijiti cha embe la nyuzi. Amefunga nailoni kwa uangalifu kuliko vyote alivyowahi kufunga.

Mzee Mfaume akapita, akashika kiuno: "Gerson, umepata ugonjwa?"

"Nataka wauone. Nikiwaambia hawasikii."

"Na kikishika kitazaa nini?"

"Nyuzi, Mfaume. Zile zile nyuzi zetu. Lakini zitakunywa maji ya bolibo."

Mfaume hakutania tena. Akachota kopo la maji, akaunywesha.


Saa kumi jioni

Sixbert amekuja, sauti imerudi. Ana mahubiri yote kwenye simu yake; siku ile alikuwa kalala nyumbani, vijana walimrekodia. Amekaa na Baba kwenye benchi la kitaluni. Kupitia dirishani nasikia: Mgeni, mimi, Mgeni, mimi. Sauti yangu nzuri, haitetemeki hata kidogo. Sixbert anasimamisha, anarudisha nyuma. Mgeni. Anarudisha. Mgeni tena. Anasema neno moja, sikulisikia. Baba anauliza kitu. Sixbert anasema, hili nalisikia: "Mzee, bora umuulize mwenyewe."

Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari hili nimeandika yote. Kushoto Kiingereza alichosema. Kulia Kiswahili nilichosema. Chini jina langu. Ulikuwa wa kumpa Baba. Nimeuandika tangu Alhamisi. Alhamisi! Siku tatu umekaa daftarini.

Simu imezimwa. Sixbert anaaga. Baiskeli yake imetoka.

Buti za Baba. Anazivua kibarazani, moja, ya pili. Sasa ni miguu mitupu, koridoni. Hajawahi kuja mpaka huku, huwa ananiita kwa sauti tokea uani. Nimeuchomoa ule ukurasa. Nauweka wapi — chini ya godoro, ndani ya kanga, ndani ya

Amesimama. Anapiga hodi. Baba yangu, kwenye mlango wa nyumba yake, anapiga hodi kwangu