Gari la Harusi Lililorudi Safi

Jumamosi, 9 Agosti 1975. Tororo

Nimemwosha Kibibi asubuhi. Majivu na ndimu, maana sabuni madukani siku hizi ni hadithi. Tairi zake za mkanda mweupe nimezisugua kwa mswaki. Vumbi la saruji limemwingia hadi machoni. Nimemtukana kidogo, kama kawaida. Hakujibu, kama kawaida.

Shaabani imeingia. Kila mwenye binti anataka kuoza kabla ya mfungo. Leo nimempeleka bi harusi wa Nabuyoga. Analia tangu mlangoni kwao mpaka mlangoni kwa mume, leso zangu mbili zimeisha. Ndiyo maana wananipenda: dereva mwanamke. Binti wa watu hakai garini na mwanamume asiyemjua. Marehemu Hamisi alinifundisha kuendesha kwa hesabu hiyo hiyo. Mume wangu alikuwa mfanyabiashara hata kitandani. Miaka sita kaburini na bado namkumbuka.

Barua ya Sefu tena, kutoka Busia ya Kenya, anakoishi mwanangu Zuhura. Fundi wa magari, rafiki wa Hamisi. Anataka kumnunua Kibibi. Mwaka wa tano huu anaomba. Fisi anayengoja mkono wa mtu udondoke. Simjibu.

Alhamisi, 14 Agosti

Saa nne asubuhi amekuja Kapteni. Jina lake sitaliandika, hata humu. Viatu vinang'aa, sauti ya upole. Alisimama nje ya kizingiti mpaka nilipomkaribisha.

"Mama, motoka yako iko mzuri sana. Nataka kuazima siku tatu, nne. Kijana yetu naoa."

Nikauliza nani ataendesha. Akatabasamu. Nikasema basi nizitoe riboni, ni zangu, si za gari. Akasema hapana, ziachwe.

Kumkatalia mtu wa ofisi ile ya usalama ni kujitafutia balaa. Nimempa ufunguo. Najiona kama niliyeoza binti bila kuuliza ukoo.

Jumatatu, 18 Agosti

Kibibi amerudi saa sita mchana. Safi.

Nimemzunguka mara tatu. Safi kuliko ninavyomsafisha mimi. Na ni sabuni, nimeinusa. Mji mzima tunafulia majani ya mpapai, gari langu limeogeshwa kwa sabuni. Tangi limejaa petroli, na hakuna pampu hapa yenye tone.

Ndani kunanuka dawa ya hospitali. Zulia la nyuma limelowa.

Riboni zimefungwa upya. Mimi hufunga fundo moja, la kipepeo, ukivuta linafunguka. Hizi zina mafundo matatu matatu, yamekazwa kama ya kamba ya mbuzi. Nimezikata kwa mkasi.

Harusi gani haiachi hata punje ya mchele kitini? Nilichokuta ni kipande cha chaki, kimenasa kwenye mshono wa kiti cha nyuma. Watoto wamechezea humo, nimejiambia. Nimekiweka dirishani.

Ijumaa, 22 Agosti

Kapteni tena. Safari hii hakuomba. Alinyoosha mkono tu.

Jumapili, 24 Agosti

Karudishwa. Mchana, kama mara ile. Safi, kama mara ile. Kijana aoe mara mbili katika wiki moja?

Sitaki kufikiri.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimekwenda naye sokoni. Sikuwa na shida ya sokoni. Nilitaka kuona.

Kwa kawaida Kibibi akipita, hata bila bi harusi, wanawake humpigia vigelegele vya mzaha na watoto humkimbilia kwa nyuma. "Leo nani?" wananiuliza. Nami hujibu, "Mamako!"

Leo kimya. Mama wa nyanya alinigeuzia mgongo akatazama ukuta mpaka nikapita. Watoto walisimama mstari mmoja, mikono imebana mapaja, kama shuleni bendera inapopanda. Fundi viatu, yule anayeniposa kila siku kwa utani, aliingia ndani akafunga mlango. Saa tano asubuhi, jua linawaka.

Nilipiga honi. Najuta. Mtu mmoja aliangusha baiskeli yake na kukimbia.

Naliogopa gari langu. Nimeandika, basi.

Jumatano, 27 Agosti

Sijui niandikeje. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Mwanamke amekuja kwa miguu kutoka Petta. Anaitwa Athieno. Mumewe ni mwalimu wa shule ya kule. Amevaa gauni la kanisani, kwapani ana kuku jike amefungwa miguu. Akapiga magoti kunisalimia ingawa tunalingana umri. Akanipa kuku. Ahsante, anasema, kwa kumpa Mwalimu heshima.

Nikamwuliza heshima gani.

Kumbe gari lilifika kwao Jumamosi ile ya kwanza, na riboni zake. Wakaliona kwa mbali wakafurahi. Gari la harusi likija kumchukua mtu hapa kwetu, haulizi. Ni kwamba amechaguliwa. Atakuwa shahidi, au mshenga, au atasimamia karamu. Ukiuliza maswali mlangoni unaitia harusi mkosi. Mwalimu alisitasita kidogo, alikuwa anasahihisha madaftari. Athieno mwenyewe ndiye aliyemsukuma.

"Mama Zuhura, ni mimi nilimwambia vaa viatu, usichelewesha watu. Nikamwambia ni motoka ya Mama Zuhura, ni yeye ametuma."

Majirani walipiga vigelegele. Naye akapunga mkono dirishani.

Sasa ni siku kumi na moja. Anataka kujua tu harusi ni ya wapi, na itakwisha lini, maana shule inamwulizia.

Chaki ilikuwa dirishani, nyuma ya bega lake. Nilisogea nikaikinga kwa mgongo.

Nikamwambia sijui. Ni kweli, na ni uongo. Kuku nilimpokea. Kumkataa kuku ingekuwa kumwambia. Nikamshauri aende kwa ndugu zake mbali kidogo, apumzike. Akacheka. "Nikienda, akirudi nyumba iko tupu?"

Mimi ni mwoga. Kuku anatembea uani. Siwezi kumchinja.

Alhamisi, 28 Agosti

Nimekaa kwenye ngazi ya mlango kutwa nzima, gari liko mbele yangu. Silioshi. Siwezi tena kuliita jina lake.

Wangeweza kuchukua gari lolote. Wana magari yao, watu wakiyaona wanaruka madirisha. Walitaka langu kwa sababu halina anayelikimbia. Nimelipamba miaka na miaka, nimelizoesha watu, nimezoesha hata mbwa wa watu. Kumbe natengeneza chambo.

Nikibaki nalo, litaendelea kwenda. Nikiliuza hapa, nani atanunua? Na akinunua, watalifuata huko huko. Amebaki Sefu, ng'ambo. Lakini likipotea, Kapteni atakuja kuniuliza mimi. Kwa hiyo kuliuza ni kuondoka nalo. Nyumba hii niache. Kaburi la Hamisi niache. Ushungi na ufunguo, basi.

Nalipenda. Hilo ndilo linaloniudhi. Hata leo jua likipiga kwenye boneti, moyo unaruka.

Ijumaa, 29 Agosti

Kapteni amekuja baada ya sala. Chai alikunywa. Akaisifia.

"Mama, siku hizi watu nakataa kuingia. Naona motoka, nakimbia. Lakini wewe wanakuamini. Jumatatu utaendesha wewe mwenyewe. Vaa vizuri."

Nimesema sawa. Neno lilitoka lenyewe, laini, kama nakubali kazi ya harusi. Alipoondoka nilimwaga uani chai yote iliyobaki.

Nimekata shauri.

Jumapili, 31 Agosti. Busia, kwa Zuhura

Nimevuka.

Niliondoka saa mbili asubuhi. Nilipita makaburini, nikasoma Fatiha nimesimama kwenye mlango wa gari, injini inanguruma. Hamisi anisamehe kwa haraka. Nilivaa gauni la kupelekea maharusi, nikafunga riboni. Uongo niliouandaa: bi harusi ananisubiri Busia. Niliukariri njia nzima, na jina la baba yake, na mahari yake. Nikashika njia ya kijiji cha Kwapa. Watu walikuwa wanapalilia. Kila nilipokaribia, majembe yalisimama. Ukitazama kwenye kioo, bado yamesimama.

Kwenye kizuizi cha mpakani kulikuwa na foleni. Malori, baiskeli, akina mama na vikapu vyao vimemwagwa chini. Nikapunguza mwendo nijipange. Askari aliinua kichwa akasoma namba ya gari. Hakusoma uso wangu kabisa. Akawafukuza watu wa foleni kando, akainua mti wa kizuizi, akasimama wima.

Akanipigia saluti.

Hakuniuliza jina. Hakuniuliza kadi wala ninakwenda wapi. Macho yake ameyakaza juu ya paa la gari, na shavu lake linacheza. Alikuwa ananiogopa. Mimi, mama wa leso. Na wale akina mama wa vikapu wameinamia ardhi wote, hata mmoja hakuniangalia. Wamenijumlisha na watu wa Kapteni.

Uongo wangu mzuri sikuutumia. Nimelia kuanzia kizuizi mpaka kwa mwanangu. Zuhura alidhani nimeumwa njiani. Nimemwambia yote.

Jumanne, 2 Septemba

Sefu amekuja na fulana safi, kama anakuja kuposa. Alilipapasa gari kuanzia taa mpaka buti. Akafungua mlango wa nyuma, akakaa, akafumba macho. Miaka mitano ameota kukaa pale.

Nikamwambia habari za gari. Nilimwambia angali amekaa.

Alitoka taratibu. Akajipangusa suruali nyuma. Akasema ng'ambo hii hakuna anayelijua, dada, tulipake rangi nyeupe, mabibi harusi wa Busia watafurahi. Gari halina kosa.

Ni kweli halina kosa. Lakini sitaki mama mwingine amwambie mtu wake vaa viatu upesi.

Nikamwambia nauza, ila kwa vipande. Injini kwa mwenye mashine ya kusaga. Magurudumu kwa mkokoteni. Mabati kwa anayetaka bati. Kiti cha nyuma asiuziwe mtu, kichomwe. Sefu alipandisha sauti. Dhambi, alisema, gari kama hili, umerogwa. Nikamjibu chukua hivyo au nimpe fundi mwingine.

Akashika kichwa. Kisha akaenda kuleta spana.

Jumamosi, 6 Septemba

Imekwisha. Siku nne, Sefu na wasaidizi wake wawili. Nilitazama kila kitu kikitoka, nilijilazimisha. Walipong'oa milango nililia kama mjinga. Chini ya zulia la nyuma bati lilikuwa limeshika kutu mpya. Sefu aliona. Hakunitazama, na tangu pale hakusema tena neno dhambi.

Jioni mwezi umeandama.

Ijumaa, 26 Septemba

Swaumu inaendelea vizuri. Mguu wa kulia bado unakanyaga breki nikiwa nimekaa kwenye kigoda. Zuhura ananicheka.

Leo sokoni amenijia mama anayeuza karanga. Anatoka Petta, huvuka kila wiki. Amebeba salamu za Athieno. Mwalimu hajarudi. Athieno anasikia niko huku, anauliza gari litakuja lini, maana kila akisikia injini anatoka barabarani kungoja, na mvua zimeanza, anataka kujua kama aendelee kutoka.

Nimemwambia mama wa karanga: mwambie gari halipo tena duniani. Mwambie pia siku ile sikumtuma mtu, na hakukuwa na harusi.

Aliniuliza kama nina hakika anibebee maneno hayo. Nimesema abebe.

Nimefuturu kwa maji na tende moja.