Okpoho za Mahari Yangu

Jumanne, 1 Machi 1949

Soko limekuwa bubu. Sikujua kwamba litaniuma hivi.

Zamani ulikuwa unalisikia soko la Ikot Ekpene kabla hujaliona. Shaba kwa shaba! Wanawake wanagonga kila okpoho, ile bangili ya shaba iliyokuwa pesa yetu, kwenye jiwe, wanatega sikio, ndipo wanaachia samaki. Iliyolia vibaya inarudishwa kwa matusi. Leo ni shilingi tu, na shilingi inaingia kiganjani kimya kimya. Muuza kamba wakavu ameing'ata ya kwangu. Nikamwambia, hailiwi hiyo, mama. Akanijibu kwamba hata okpoho hazikuliwa, ila zilikuwa na sauti.

Mwisho wa mwezi huu, basi. Serikali inazikusanya zote na kutoa shilingi. Baada ya hapo ukikutwa na kapu zima ni kesi. Shaba iliyotununulia chumvi, mashamba na wake – inapakiwa kwenye lori kama vyuma chakavu!

Nimerudi nikashona kola mbili. Zote mbaya. Nitazifumua kesho.

Jumamosi, 5 Machi

Etukudo alikuja wakati nakunywa uji. Kaka yangu akija asubuhi ujue kuna jambo, maana kuamka kwenyewe kwake ni kazi. Akasema, dada, okpoho zako zimekaa kwenye chungu chini ya kitanda cha Mama kama mayai viza. Tuzibadilishe. Tupate mabati.

Zangu! Kwa jina tu. Ni zile alizotoa Essien kunioa. Marehemu Baba alikataza zisiguswe. Alisema, binti akiachana na mumewe mahari nayo irudi kwa mwenyewe, shaba ile ile, si nyingine. Kwa hiyo chungu kikikaa pale, mimi ni mke wa Essien. Essien mwenyewe, fundi mapipa, yuko kisiwa cha Fernando Po, alikokwenda kufanya kazi kwenye kakao ya Wahispania. Mkataba wa miaka miwili, alisema. Hiyo ilikuwa mwaka wa thelathini na nane. Barua mbili, halafu kimya.

Mke wa chungu! Ndivyo nilivyo.

Nikamwuliza Etukudo, ukizibadilisha, mimi nitakuwa nani? Akajikuna sikio. Akasema nitakuwa dada mwenye paa la bati. Nimecheka mpaka uji ukamwagika. Nampenda mjinga huyu. Lakini sikumpa jibu.

Jumatano, 9 Machi

Mgeni! Umoren, kaka yake Essien. Hajakanyaga hapa tangu tumzike Baba. Ameleta kiazi kikuu kimoja, kirefu kama mguu.

"Mke wetu," anaanza. Miaka yote hii sikuwa mke wa mtu yeyote alipopita na baiskeli yake bila kusimama. Leo mke wetu. Akasema wamenichosha, wanaona aibu, ni haki niwe huru. Turudishieni okpoho zetu, tukuache uolewe unapotaka.

Nikamwuliza mbona huruma imewajia mwezi huu. Akasema huruma haina kalenda. Haina! Lakini yake inakwisha tarehe thelathini na moja, pamoja na meza ya karani wa kuzibadilisha.

Etukudo akadakia kutoka mlangoni: "Mmemtelekeza dada yangu, leo mnakuja na kiazi?"

"Na wewe unataka bati kwa mali ya ndugu yangu!"

"Ndugu yako yuko wapi? Mlete tumwulize!"

Mama alitoka chumbani na fimbo yake. Akasema hakuna atakayegusa chungu, kila mtu aende kwake. Umoren akaondoka. Na kiazi akakibeba! Nimeona kwa macho yangu.

Sasa nimebaki nafikiri. Akizichukua Umoren, niko huru, na Essien akirudi hana mke hapa. Akizibadilisha Etukudo, nimefungwa kwa Essien daima, maana zile zile hazitapatikana tena za kurudisha. Wanaume wawili wanavuta kapu, na aliyemo kapuni ni mimi.

Jumapili, 13 Machi

Kanisani sikusikia neno. Mawazo yalikuwa siku ile ya mahari.

Essien alikuja na watu wake na makapu mawili. Mama alikaa chini na jiwe lake bapa, akazigonga moja moja. Hakuwa na haraka hata kidogo. Yenye ufa anatupa pembeni. Wazee wa kwao wakaanza kukohoa. Essien akatoka mbio kwenda kukopa za kufidia kwa wenzake wa rika, akarudi shati limelowa, akamkuta Mama bado anagonga na bado anatupa. Mimi nilikuwa nyuma ya mkeka nachungulia. Akaniona. Akavimbisha mashavu, akageuza macho kama mtu anayekata roho. Nikacheka kwa sauti – bibi arusi! Shangazi akanifinya, alama ilikaa wiki nzima.

Sauti ya siku ile ilikuwa nzuri. Mtu anapigiwa kengele moja moja kwamba anatakiwa.

Namkumbuka sana. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kuniambia nisahau.

Jumatatu, 21 Machi

Nimefunga cherehani mapema.

Alikuja mtu kupunguziwa suruali. Ntuen, wa kijiji cha jirani, amerudi kutoka Fernando Po na sanduku la bati na kikohozi. Nilikuwa nimepiga magoti na pini mdomoni. Nikamwuliza kama ninavyowauliza wote, bila kutegemea kitu. Essien? Fundi mapipa?

"Yule mcheshi? Yupo."

Nikaitoa pini mdomoni nisije nikaimeza.

Yupo Santa Isabel, mji wa kule kisiwani. Mzima. Amenenepa, anasema. Kazi ya mkataba aliiacha siku nyingi, anatengeneza mapipa bandarini. Anakula kwa mama mmoja mjane mwenye nyumba yake. Ntuen alisema "anakula" huku akitazama cherehani, si mimi. Nimeelewa, mimi si mtoto.

Kisha akasema, lakini aliniuliza habari zako, dada. Krismasi ya mwaka juzi. Aliuliza: okpoho za Nkoyo bado ziko kwao?

Ntuen akamjibu hajui. Essien akasema, "Ah." Basi.

Suruali nimeipunguza kupita kiasi. Itabidi niongeze kitambaa, kwa gharama yangu.

Jumanne, 22 Machi

Hasira. Hakuuliza kama naumwa. Hakuuliza kama Baba yu hai. Ameuliza shaba!

Mchana nimetulia kidogo. Kwetu mtu huulizaje, hata hivyo? Zikiwepo, mimi ni wake. Zikiwa zimerudishwa, nimekwenda kwa mwingine. Hakuweza kuuliza waziwazi kuliko hapo, mbele ya wanaume wenzake.

Jioni hasira imerudi. Ameuliza, halafu amerudi kula kwa mjane. "Ah" ya nini? Ya furaha? Ya kuchoka? Ningekuwepo ningejua. Nilikuwa naijua kila "ah" ya mtu yule.

Nimemwambia Mama. Ameosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumapili, 27 Machi

Kikao, hapa kwetu. Umoren amekuja bila kiazi. Nimewapikia ugali wa muhogo na mchuzi wa majani ya afang, wakala vizuri, wakaanza kuniuza.

Umoren amepata wazo: tugawane nusu kwa nusu. Etukudo akajikuna sikio, akasema nusu inatosha mabati ya upande wa mbele. Wakaanza kupatana! Juzi walitaka kupigana, leo wanapeana ugoro. Habari za Ntuen wanazijua wote, na hakuna aliyezitaja. Hakuna hata aliyenitazama.

Nikasema, kwa karani nitazipeleka mimi.

Umoren akacheka kwanza. "Mke wetu, mwanamke abebe mahari yake mwenyewe? Kwa jina la nani?"

"Dada," Etukudo kwa upole, "hilo halijawahi kuwa. Utakuwa mke wa nani sasa?"

Nikasema sijui. Na kweli sijui. Nilikuwa naogopa, sauti ilinitoka nyembamba kama ya msichana.

Ndipo tukasikia chungu kinaburutwa. Mama, peke yake, na mgongo wake ule. Akakifikisha mlangoni, akahema. Akawaambia tangu mumewe afe hakuna hata moja iliyoliwa, hata ule mwaka wa njaa. Zilikuja kwa ajili ya huyu, akasema. Kama kuna anayebisha, aje achukue mikononi mwangu.

Hakuna aliyekuja.

Jumatano, 30 Machi

Naandika kwenye foleni ya karani, nimekalia kapu langu la okpoho. Shingo inauma. Sikujua thamani yangu ni nzito hivi!

Watu ni wengi, kesho ndiyo mwisho. Kila mmoja akifika mbele vibarua wanalipindua kapu lake chini, na shaba inalia yote kwa pamoja. Mabibi wamefumba macho wanasikiliza. Nami nasikiliza. Ni soko la utoto wangu hilo linamwagwa.

Karani ni kijana wa Calabar, tai shingoni, jasho mpaka kwenye kola. Anamwuliza kila mtu swali moja: za nani hizi? Za baba yangu. Za ukoo. Mama aliye mbele yangu amesema, za marehemu mume wangu. Anaandika, anatoa shilingi, mwingine.

Etukudo amesimama kulia kwa meza. Umoren kushoto. Kila mmoja amevaa shati jipya. Wa nyuma yangu ananichokoza: "Mama, unamwandikia mfalme? Msalimie."

Mama aliye mbele ameondoka. Wamelipindua la kwangu. Zimelia vizuri – Mama yangu alizichagua vizuri siku ile!

Karani ameinua kichwa. Za nani hizi?

Etukudo amefungua mdomo. Umoren naye. Nimewainulia mkono wote watatu, nimesema subirini, namaliza kuandika.

Karani amekodoa macho, kalamu iko hewani. Jibu ninalo, neno moja tu: zangu. Wananisubiri mimi.