Taa ya Geti ya Mzee Rotich

Kiplombe, Eldoret
Jumamosi

Kwako Baba,

Habari za huko Ndaragwa? Natumai kifua kimepoa na Mama bado anakuzuia kupanda juu ya paa. Mkono je? Najua mvua ikinyesha mfululizo huwa unakuuma, na huku imenyesha wiki nzima, kwa hivyo nimekuwa nikikuwaza sana. Mimi kwa mwili sijambo. Kwa roho siko sawa, na ndiyo maana unaona karatasi badala ya simu. Wewe ukipigiwa unaweka spika, na haya sitaki Mama ayasikie akiwa amesimama na sufuria mkononi. Soma kwanza peke yako.

Jumatatu kuna watu wa stima wanakuja hapa kazini kuniuliza swali moja. Mama Jebet, mwenye hii kazi, anataka niseme sijui. Nikisema ninachokijua, sioni nikibaki hapa. Nataka nikuelezee wewe kwanza, kwa sababu jambo lenyewe linakuhusu kuliko mtu mwingine yeyote.

Unajua sisi kazi yetu ni kutotoa vifaranga. Mayai yanakaa kwa mashine wiki tatu, na joto likipotea kwa muda, yameenda. Stima ya huku inapotea ikitaka na kurudi ikitaka, kwa hivyo mwaka jana Mama Jebet aliweka sola paa lote la stoo, na betri za maana. Mwanzoni fundi aliunganisha hiyo sola moja kwa moja na stima ya laini. Tulifurahi kama watoto, mpaka tukaona kioja: jua likiwaka sana, tokeni za stima tunazonunua zinaisha haraka zaidi. Kumbe mita yetu haijui kutofautisha stima inayoingia na inayotoka. Ile tuliyokuwa tunawapa kampuni bure mchana, ilikuwa inatuhesabia kama tumeitumia.

Mama Jebet alienda ofisini kwao akiwa amekasirika, akarudi akiwa amekasirika zaidi. Walimwambia hakuna ruhusa ya kutuma stima kwa laini bila mkataba na mita ya aina nyingine, na hata ukipata, wanakurudishia sehemu tu. Ukijitengenezea ya kutumia kwako peke yako, sawa. Lakini kumpa mtu mwingine ni lazima uwe na leseni, hata kama humtozi kitu. Alinisimulia akivua viatu mlangoni. "Maziwa ikibaki unapea jirani," akasema. "Sasa stima ikibaki nimwage wapi? Hii jua ni yao?"

Basi fundi akatutenganisha na laini vizuri. Akaweka swichi kubwa ukutani: juu ni stima yao, chini ni sola, haiwezi kuwa zote mbili. Mkaguzi akaja, akaiona, akaridhika. Alipoondoka tu, Mama Jebet akamwambia fundi achimbie waya chini ya ua mpaka kwa Mzee Rotich. Huyu ni jirani yetu, mzee wa maziwa, mtu mpole sana. Waya ilifungwa kwa skrubu ndani ya sanduku letu, upande wa mashine, kwa hivyo swichi ikiwa chini naye anapata sola, na kazi yake ilikuwa friza ya maziwa tu. Mimi niliiona ikichimbiwa na sikuona ubaya. Huku ndivyo watu wanaishi, Baba. Mtu hawezi kula mwangaza na jirani yuko gizani.

Alhamisi alasiri upepo ukaangusha tawi la mkalitusi barabarani, waya zikakatika. Tukabaki sisi na Mzee Rotich peke yetu mwisho wa laini, na waya za upande wetu zimelala kwa nyasi. Gari la stima lilifika mapema kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nikangoja kidogo nione kama watamaliza haraka, nisichoshe betri bure, maana jua halikuwepo. Lakini mayai yalikuwa siku ya kupasuka, unasikia vifaranga wakilia ndani ya maganda, na mashine zinaanza kupoa. Nikaenda kwa swichi nikaishusha, sola ikashika. Halafu nikajifunga leso kichwani nikatoka kuuliza watachukua muda gani.

Nilipofika getini nikaona taa ya geti ya Mzee Rotich inawaka. Yeye alikuwa ameenda soko la Ziwa na boma lake limefungwa.

Baba, niliiangalia mara mbili. Hiyo taa si friza. Hiyo taa iko kwa waya za nyumba, na waya za nyumba zinatoka kwa posti ya stima barabarani. Wewe ulitufundisha tukiwa wadogo, umekaa kwa kiti chako na hiyo bandeji mkononi, kwamba stima ikiwa imepotea na uone taa inawaka kwa mtu, uulize inatoka wapi kabla hujashika chochote. Mzee Rotich hakuwa na swichi kama yetu. Kumbe alikuwa amejitengenezea waya ya plagi pande zote mbili, upande mmoja kwa waya yetu, upande wa pili akaudunga kwa soketi ya sebuleni, ili nyumba nzima iwake. Stima yetu ilikuwa inapita kwake na kutoka nje mpaka kwa zile waya za nyasini. Na kijana wa stima alikuwa anainama kuziokota.

Nikapiga kelele asishike. Akaniangalia hivi, akacheka kidogo. "Madam, tulia, nimeshapima. Hakuna stima hapa."

Alisema ukweli. Alipima kabla mimi sijashusha swichi.

Sikubishana naye. Nilikimbia, Baba, leso ikabaki kwa matope. Nilirusha swichi juu nikaikosa, nikairusha tena. Mashine zikanyamaza zote. Nikasimama pale nikingoja kusikia mtu akipiga nduru huko nje. Nilichosikia ni yule kijana akiuliza mwenzake, huyu mama ana shida gani.

Mama Jebet alikuja mbio kutoka shambani akauliza kwa nini kumezimwa. "Washa," akasema. Nikakataa. Nilisimama mbele ya swichi na sikutoka mpaka fundi akafika akakata ile waya kwa sanduku, na fundi anatoka mjini. Tulifunika mashine na blanketi zetu za kitandani. Vifaranga wengi walifia ndani ya ganda. Mama Jebet aliwapanga kwa beseni akinipa mgongo. Huyu ndiye aliyelala kwa kiti hospitalini nikiwa na taifodi, akininywesha uji kwa kijiko. Iliniuma sana.

Kabla waondoke, yule kijana alikuja mlangoni akaomba chai. Sasa alikuwa ameelewa, maana mwenzake aliona ile taa ya geti ikizimika. Alishika kikombe kwa mikono miwili. Nilimwangalia vidole, Baba. Vilikuwa vyote. Akauliza, "Hiyo stima ilikuwa inatoka wapi?"

Mama Jebet akamjibu kabla yangu. "Hata sisi hatujui."

Mimi nikamwongezea chai.

Jioni Mzee Rotich alikuja. Nilimweleza akakaa juu ya gunia la chakula cha kuku, akashika kichwa. Alidhani stima ikiingia kwa nyumba yake inaishia kwa nyumba yake. Halafu akasema kitu kilichonimaliza. Akasema tuwaambie watu wa stima kwamba aliiba, alichimba waya mwenyewe usiku. "Huyu mama amenipea bila kuniuliza kitu," akasema. "Nitamwacha leo?" Na Mama Jebet akaangalia pembeni. Jana akaniambia nikiulizwa nijibu sijui, mengine mzee atayamaliza.

Najua wakijua ukweli wanaweza kumfungia Mama Jebet kazi. Najua pia kwamba mimi nilikula chumvi yake. Nimelia kwa sababu ya hilo, sitakudanganya.

Nisalimie Mama, umwambie tu nampenda. Msalimie dada yangu na mtoto wake aliyeanza kutembea, shangazi wa viazi, na yule mjomba wetu kinyozi ambaye bado ananiita mfupi. Ukiniona nyumbani mapema kuliko Desemba, nifungulie tu, usiniulize mbele ya watu.

Baba, nakumbuka ukiwa kwa kitanda cha hospitali baada ya zile waya za barabarani kukupiga, kila aliyekuja kukuona ulimuuliza stima ilitoka wapi. Ile barabara ilikuwa na maduka, na posho mill ya kusaga unga, na watu wanaokujua kwa jina, na mtu mmoja kati yao alikuwa amewasha jenereta. Wote walikuletea maziwa na ndizi, na wote wakasema hawajui. Mpaka leo unauliza, hata kama unadhani hatukusikii.

Leo asubuhi nimemwambia Mama Jebet uso kwa uso kwamba sitasema sijui. Jumatatu wakiniuliza, nitawapeleka kwa sanduku niwaonyeshe pale ile waya ilikuwa imefungwa, halafu niwaambie nani aliyeshusha swichi.

Ni mimi binti yako,
Wambui