Jina Nililolifuta Kwenye Programu

Jumanne. Ukungu haujaondoka hapa Kwale tangu asubuhi.

Niwieni radhi, wasomaji wa blogu hii, kwa kimya cha miezi mitatu. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na haya.

Tangu nistaafu ualimu, ninazihudumia kompyuta nane kuukuu za maktaba yetu. Programu ya kuandikia iliyo tayari haikubali kufanya kazi katika kompyuta za umri ule. Kwa hiyo huupakua msimbo wake, yaani maagizo yanayoiunda, ulio wazi kwa kila mtu, kisha huijenga mwenyewe hatua kwa hatua. Kazi hiyo huchukua siku nzima. Mwanasha, mtunza maktaba, hunicheka: "Baba mwalimu, wenzio wanunua mkate dukani, wewe wapanda ngano!"

Mimi husoma kila faili kabla ya kuanza. Ndipo nilipoona, miezi mitatu iliyopita, katika orodha ya waliochangia, kwamba tafsiri ya Kiswahili ni ya Kilonzo.

Kilonzo wa Shimba Hills! Tulifundisha pamoja miaka kumi na tisa. Alipohamia pwani kutoka bara, alikuwa akiniletea barua zake nizisahihishe kabla hajazituma. Kuhusu tafsiri hii hakuniambia neno. Niliipitia sentensi baada ya sentensi, kalamu nyekundu mkononi, nikitafuta kosa.

Sikuliona hata moja.

Wivu ulinichoma kama mwiba wa samaki. Nikaufuta mstari wenye jina lake, nikaijenga programu bila jina hilo, nikaiweka katika kompyuta zote nane. Leseni ya programu inaruhusu kubadilisha karibu kila kitu, ila si kuyaondoa majina ya walioifanyia kazi. Nilijua. Nilikuwa nimeisoma mara mbili.

Mwanasha alipoifungua alisema, "Maneno haya yametulia, baba. Ni yako?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Leo Kilonzo amenipigia simu. "Mwalimu wangu! Mwanasha ameniambia umeipa programu Kiswahili. Hata mimi nilijaribu zamani, nikaona aibu kukuonyesha. Nilijua utaijaza wino mwekundu! Alhamisi naja nijifunze kwako." Akacheka kwa furaha ya kweli, nami nikamwambia karibu.

Ataketi, ataifungua, na ataitambua kila sentensi.

Hata sasa ninamwonea wivu. Si kwa tafsiri tena, bali kwa kuwa yeye anaweza kunisifu bila kuumia.

Nina kesho tu. Ninaweza kuijenga upya kuanzia asubuhi, jina lake likiwa mahali pake, kisha nimkabili Mwanasha na kumweleza nilichofanya. Ninaweza pia kumpigia Kilonzo simu nimwambie maktaba itafungwa Alhamisi. Simu haichukui hata dakika moja.

Nitakapokuwa nimeamua, nitaandika hapa. Kimya changu kikirefuka tena, mtajua nilichochagua.